Kiwanja cha Mtaa Kuwa Bustani ya Kupumzikia: Pa Kuanzia na Pa Kuangalia

Kila ikimalizika sikukuu, simu yangu hulia. Watoto wamebembea siku nne, mabanda yamevunjwa, kiwanja kimebaki na mashimo na vijiti vya mishikaki, na kamati ya mtaa imeingiwa na hamu: mbona pahala hapa pasiwe pazuri mwaka mzima? Maswali nayajua kabla hayajaulizwa. Tunaanzia wapi? Tupande miti gani? Nani atatupa ruhusa? Mabenchi mangapi?

Mwongozo huu ni wa viwanja vidogo, vile vilivyobaki katikati ya nyumba mjini Unguja, kama Jang'ombe, Magomeni, Mpendae au Chumbuni, na kwa ndugu zetu wa Pemba, Chake, Wete na Mkoani. Nakusudia kuanzia kiwanja cha netiboli mpaka nusu ya kiwanja cha mpira. Kama chako kimo ndani ya Mji Mkongwe, anza na Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla hujashika jembe, kwani mji ule umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na hata rangi ya ukuta ina utaratibu wake.

Swali la mabenchi nitalijibu mwisho kabisa, makusudi.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Sheha, yaani kiongozi wa shehia yenu, anayejua unachofanya, na diwani aliyearifiwa. Kuarifiwa, si kupewa uenyekiti.
- Watu watatu wa kazi. Kamati ya watu ishirini ni ya kupigia picha. Mmoja kati ya watatu awe mwanamke anayeshinda mtaani mchana.
- Kamba ya mita 30 yenye fundo kila mita moja.
- Mambo, yaani vigingi vidogo, ya mbao ishirini hivi, na mfuko wa chokaa.
- Mpira wa maji mweupe unaopitisha mwanga, mita 10, ule mafundi wanaopimia usawa wa msingi.
- Daftari la mraba, jembe, ndoo mbili.
- Mwenye mfereji. Yaani nyumba, msikiti au skuli iliyo karibu na iliyokubali kwa kinywa chake kutoa maji miezi kumi na minane ya mwanzo. Huyu akikosekana, usiendelee. Mtafute kwanza.

Hatua ya 1: Jua kiwanja ni cha nani

Utaambiwa "cha serikali hicho." Usikubali upesi. Kwa sheria ya ardhi ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma na iko chini ya dhamana ya Rais, lakini haki ya kuitumia ina wenyewe. Kiwanja kinachoonekana kitupu kinaweza kuwa:

Wakfu. Kama kiko ubavuni mwa msikiti, muulize imamu, kisha ulizia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Makaburi. Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, nyumba zimesogea mpaka juu ya maziara ya zamani, na si kila kaburi lina jiwe. Waulize wazee wawili wasiokaa nyumba moja. Mkipata jibu kwamba pana makaburi, kufagia na kivuli vinatosha; kuchimba hakuna.

Eka tatu. Ukitoka mjini kwenda wilaya za Magharibi A na B, mashamba waliyogaiwa watu baada ya Mapinduzi yamekatwakatwa na kuuzwa viwanja, mara nyingi kwa maneno na shahidi mmoja. Huyo mnunuzi yuko Maskati, anangoja pesa za matofali.

Au kimetengwa kwa skuli au barabara na watu wamesahau. Hili litajulikana kwenye ramani, kwa hiyo nenda ofisi ya Mipango Miji na Vijiji, uombe kuonyeshwa. Kama uko Ng'ambo, ulizia pia Ng'ambo Tuitakayo, mpango wa kuiendeleza Ng'ambo, umekigusa vipi kiwanja chenu.

Miti nayo usiisahau. Kwetu mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa ya mwengine. Kamati moja niliyokuwa nikiisaidia tulikata mnazi uliokuwa umeinamia njia. Asubuhi yake akaja mzee mmoja na bakora yake, akasimama juu ya kile kisiki, hakutukana mtu. "Ardhi sina neno nayo," akasema. "Nazi zangu je?" Tulimlipa, na miezi miwili ikapotea katika kusuluhishana.

Ukishajua, pata karatasi. Barua ya Baraza la Manispaa, au Baraza la Mji kwa Pemba, iseme kwamba eneo hili ni la wazi kwa matumizi ya mapumziko, na ichorwe mipaka. Kauli ya mdomo ya kiongozi huondoka na kiongozi.

*Onyo:* wiki ile ile ya barua, simamisha vigingi vya zege kwenye kona na kila mita 10 ya mpaka. Uwanja wa mjini haumegwi kwa siku moja. Leo meza ya vocha, mwezi ujao mwavuli, kisha ubao, kisha bati na kufuli, na ukiuliza unaambiwa "nipo hapa siku nyingi."

Hatua ya 2: Kaa uhesabu watu

Siku tatu: Jumanne, Ijumaa, Jumapili. Saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni, na baada ya ishaa. Kila mara andika wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto, wazee, na wamekaa wapi. Weka nukta kwenye mchoro. Kazi ni ya robo saa kila mara, na ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu.

Saa sita mchana utapata sifuri. Usiandike "hakitumiki." Andika "hakuna kivuli."

Safu ya wanawake ikiwa sifuri saa zote, nenda majumbani ukawaulize wao wenyewe, si waume zao. Mara nyingi jibu ni dogo: njia pekee ya kuingilia inapita mbele ya wacheza bao na dhumna, na mwanamke mwenye mtoto mkononi hataki kukatisha mbele ya macho ishirini. Dawa yake ni mlango wa pili na baraza la kukalia upande huo, pahala panapoonekana kutoka nyumba za jirani. Usimfichie mwanamke kona ukadhani umemsitiri; kona ya giza hukaliwa na wengine.

Anayetumia kiwanja sasa ndiye mgeni wako wa kwanza, hata akiwa muuza kachori. Forodhani ilipotengenezwa upya na kufunguliwa 2009, wachoma mishikaki na wakamua miwa walitengewa sehemu yao. Toa hao uone kama watu watavuka mji usiku kwenda kutazama majani.

Hatua ya 3: Fuata maji

Subiri mvua kubwa. Ikinyesha, toka na chokaa, na saa moja baada ya kukatika toka tena. Chora mstari pale maji yalipofika. Mvua ikichelewa, tafuta aliyekaa pale miaka mingi. Mimi mmoja alinifundisha zaidi ya ramani. Bibi muuza urojo, nilipomuuliza maji hufika wapi, aliinua buibui kidogo, akagusa chini ya goti. "Hapa. Na mwaka ule mbaya, hapa," akapandisha mkono kwenye goti lenyewe. Tulikuwa tumeshachora mabaraza palepale alipokuwa amesimama.

Mji huu umejengwa juu ya maji kuliko tunavyokumbuka. Mkono wa bahari ulikuwa ukiingia nyuma ya Mji Mkongwe, ndiyo maana kuna Darajani na ndiyo maana upande wa pili ukaitwa Ng'ambo. Ukafukiwa, na Mnazi Mmoja ni sehemu ya eneo lile. Kama kiwanja chako kiko chini na karibu na pwani, kiangalie na siku ya bamvua pia, bahari inapojaa sana, si mvua tu.

Sasa pima unyonyaji. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, upana wa ndoo. Jaza maji, yaache yaishe, jaza tena. Mara ya pili yakiisha ndani ya saa moja, una udongo wa kichanga. Shimo la mawe la kunyonyea maji litafanya kazi. Yakikutwa asubuhi, una udongo wa kinamo au jiwe chini, na shimo hilo litakuwa nyumba ya mbu.

*Onyo kubwa:* usijaze kifusi pahala panapotuama. Maji hayapungui kwa kifusi, yanahamia sebuleni kwa jirani, na jirani huyo atakuwa adui wa bustani mpaka mwisho. Sebleni na Mwanakwerekwe hawahitaji kuelezwa habari hii. Fanya kinyume: pale pa chini pashushe kidogo zaidi, sentimita 20 hadi 30, kingo ziwe za mteremko laini, pabaki majani matupu. Mvua ikija ni bwawa la muda, kiangazi ni kiwanja cha watoto. Maji yasizidi siku tatu; yakizidi, yafungulie njia mtaroni, na hilo ni la kushauriana na wahandisi wa Manispaa. Sehemu nyengine zote zipe mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kutoka kwenye nyumba kwenda chini. Hapo ndipo ule mpira mweupe unapofanya kazi.

Hatua ya 4: Chora njia, kisha vyengine

Njia zipo tayari. Zimeshakanyagwa na watoto wa skuli, wa chuoni na wenye kwenda dukani. Zifuate. Ukipinda njia ili mchoro upendeze, watu watakatiza juu ya maua yako na watakuwa na haki.

Njia ndogo mita 1.5. Njia kubwa ipitishe jeneza na wabebaji wake pande zote mbili, yaani mita 2.5, na hapo kiti cha magurudumu na gari la maji la kusukuma navyo vimepata nafasi. Pakiwa na pa kupanda, usijenge ngazi. Mteremko uwe mita 12 kwa kila mita 1 ya kupanda. Chora kwa chokaa, acha wiki moja, utazame nani anapita wapi, ndipo umwite fundi wa pevingi, yale matofali ya kutandika njiani.

Kama kiwanja chenu kinapakana na mtaro mkubwa wa mvua, mna bahati ambayo wengi hawaioni. Ukanda wa kando ya mtaro unaweza kuwa njia ya kutembea yenye miti, kuunganisha kiwanja kimoja na kingine bila kugusa barabara ya magari. Sharti moja: upande mmoja wa mtaro uachwe wazi mita 3 au zaidi, kwani mashine ya kusafisha itakuja, na ikija haitazunguka mti wako.

Hatua ya 5: Kivuli

Angalia majina ya mitaa yetu: Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, Mkunazini, Mbuyuni, Michenzani. Wazee hawakuhitaji mpango wa bustani. Walikuwa na mti, watu wakakaa chini yake, mtaa ukapata jina.

Kosa ninaloliona kila pahala ni mti kupandwa mashariki ya baraza, au kuuzunguka mti sawasawa kama sahani. Watu wanatoka jioni baada ya alasiri, na jua wakati huo liko magharibi. Kwa hiyo mti mkubwa uwe magharibi ya pahala pa kukaa, mita 3 hadi 4. Hili peke yake likifanyika, nusu ya bustani imeshakuwa.

Miti gani? Mkungu ni wa kwanza kwangu: unatanda kama mwavuli, unastahamili chumvi na upepo. Unapukutisha majani makubwa, kwa hiyo usiuweke juu ya mtaro. Mwarobaini unakua haraka na haubembelezwi. Mwembe kivuli chake hakina mfano, ila msimu wa embe mawe hurushwa na bati za jirani huumia. Uwe katikati, mbali na nyumba. Mzambarau mzuri, usiwe juu ya pevingi. Mkrismasi maua yake yanavutia wapiga picha, lakini mizizi inainua njia na matawi hukatika. Mvinje uwe wa kuzuia upepo wa pwani tu. Chini yake hapaoti kitu. Mnazi usiweke baraza chini yake hata kidogo, sihitaji kueleza. Mlangilangi mmoja karibu na baraza la kina mama, kwa harufu ya usiku, utanishukuru.

Nafasi kati ya mti na mti mita 8 hadi 10. Katika kiwanja cha netiboli na pembezoni mwake, miti kumi inatosha. Kumi inayoishi.

Hatua ya 6: Kupanda

Panda masika, mvua mbili kubwa zikishapita, mwishoni mwa Machi au Aprili. Ukikosa, vuli, Oktoba au Novemba. Mwaka mmoja tulipanda miche 40 Januari, katikati ya kaskazi, kwa sababu mgeni rasmi alipata nafasi mwezi huo. Palikuwa na maikrofoni, maji ya chupa, na kila mche una jina la aliyeupanda. Machi ilipofika ilibaki sita, na majina 34 yamesimama juu ya vijiti vikavu. Mgeni rasmi atakata utepe siku yoyote. Miche ingoje mvua.

Shimo sentimita 60 kila upande, udongo uchanganywe na samadi iliyooza. Mche uwe umefika kiunoni. Uzio wa fito au makuti uzunguke kila mche siku hiyo hiyo, si kesho. Mbuzi wa mtaa hawalali mapema.

Hesabu ya maji: miche 10, ndoo ya lita 20 kila mmoja, ni lita 200, yaani pipa moja. Mara mbili au tatu kwa wiki wakati wa kiangazi. Andika ni nani Jumatatu, nani Alhamisi. Ukiona hesabu inawashinda, punguza miche.

Hatua ya 7: Mabaraza, pembea, taa

Sasa mabenchi. Usinunue. Jenga baraza la mawe na saruji, kimo sentimita 45, upana 45, kama yale ya milango yetu. Haliibiwi, halivunjiki mguu, watu wanne wanakaa na bao katikati. Mchanga wa pwani usitumie: kuuchukua ni kosa, na chumvi yake hula chuma ndani ya zege.

Pembea ziwe na mchanga laini chini, kina cha sentimita 30, na nafasi tupu ya kutosha mbele na nyuma. Chuma kiwe kilichochovywa zinki, maana hewa ya bahari haina huruma. Taa mbili za sola zinazomulika njia ni bora kuliko sita zinazomulika juu.

Hatua ya 8: Nani anafagia?

Kabla ya kufungua, kila kazi iwe na jina: kufagia, maji, taka, taa. Wauzaji wawili watatu wapewe pahala palipochorwa kwa rangi chini, kwa makubaliano yaliyoandikwa na kwa idhini ya Baraza, na kila mmoja afagie mita 10 zinazomzunguka. Muuza kahawa anayefika kila siku saa kumi ni mlinzi bora kuliko geti. Taka: pipa bila siku ya kuzolewa ni jaa jipya. Pakiwa hakuna makubaliano na wazoaji, usiweke pipa.

Yakiharibika

*Miche inanyauka ingawa inamwagiliwa.* Chimbua kidogo pembeni. Kukiwa kukavu chini ya vidole viwili, mnamwaga maji juu juu. Jenga kisahani cha udongo kuzunguka shina. Kukiwa na maji yanayonuka, mmegonga kinamo. Hamisha mche pahala pa juu.

*Bodaboda na vespa zinakatiza.* Nafasi inayopitisha kiti cha magurudumu hupitisha na vespa, kwa hiyo nguzo hazitoshi. Pinda njia kwa kona kali mbili pale mlangoni, na wape madereva kijiwe cha kusubiria abiria nje ya mpaka. Zungumza nao kabla. Wengi ni watoto wa mtaa huo huo.

*Vijana wa mpira wanagombana na wazee.* Ni ugomvi wa saa, si wa watu. Mpira saa kumi mpaka magharibi upande wa chini, mabaraza upande wa juu, na goli lisielekee kwenye mabaraza. Kama mmoja wao ameshawahi kumwaga kahawa ya mzee, sikiliza kisa chote kwanza.

*Kibanda kimeota usiku.* Siku hiyo hiyo, kabla ya bati, nenda kwa Sheha na barua ya Baraza na picha ya kigingi. Usikivunje mwenyewe.

*Kunguru wamehamia juu ya mkungu na mabaraza hayakaliki.* Tazama chini: pana mabaki ya chakula. Funika taka, ondoa matumbo ya samaki, punguza matawi yaliyo juu ya baraza lenyewe. Wasipoondoka, sogeza mkao wa watu, kwani kunguru wetu hawa mjini wamezeeka kuliko kamati yoyote.

*Mwenye mfereji amechoka.* Alitarajiwa. Mpelekeeni mchango wa bili kabla hajaufunga, na aende anayeheshimika, asitumwe mtoto.